Ubao wa madumu si mninga

Chukua chupa ya maji uliyomaliza kunywa pamoja na kizibo chake. Kata kipande kidogo cha kila kimoja, uvitose kwenye beseni la maji. Cha chupa kitazama, cha kizibo kitaelea. Vimetoka dukani pamoja, lakini ni plastiki mbili tofauti. Ya chupa, namba 1 (namba ya aina ya plastiki, hupigwa chapa kwenye chombo ndani ya pembetatu), huyeyuka karibu nyuzi 250 za Selsiasi; ya kizibo, ambayo kwa kawaida ni namba 2 au 5, huyeyuka kati ya 130 na 165. Ukiziyeyusha pamoja kutengeneza ubao, kipande cha chupa hubaki kigumu kama changarawe ndani yake, na ubao utapasukia penye kipande hicho.

Kwa hiyo karakanani kwetu, tunakogeuza taka za plastiki kuwa mbao, muda mwingi huishia kwenye kuchambua. Madumu ya mafuta ya kula, ndoo zilizopasuka na vizibo ndiyo mali. Bomba la PVC halisogezwi karibu na mashine, maana likiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu. Na asikudanganye mtu kwamba pipa na kuni uani vinatosha: plastiki huyeyushwa kwenye mashine inayodhibiti joto, penye hewa ya kutosha.

Seremala akipewa ubao wa madumu huupima kwa jicho la mninga. Kosa huanzia hapo, na sisi wenyewe tulilifanya. Benchi letu la kwanza lilikuwa na miguu huku na huku tu, kama benchi la mti. Jua kali lilipoingia, likabonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Plastiki ya dumu hunepa karibu mara kumi zaidi ya mti. Tena hurefuka: ubao wa mita 3 joto lake likipanda nyuzi 20, huongezeka zaidi ya nusu sentimita. Siku hizi tunaweka mguu wa katikati, tunaacha nafasi kati ya ubao na ubao, na tundu la skrubu tunalitoboa refu kidogo ili ubao upate pa kusogea. (Ule weusi mnaouona kwenye mbao nyingi za plastiki mara nyingi ni masizi, ili jua lisizile.)

Lamu mafundi wameenda mbali zaidi. Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi Flipflopi, lenye urefu wa mita 9 hivi, kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, wakalivika kandambili zipatazo 30,000. Lilishushwa majini 2018, na mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga hadi Zanzibar, kiasi cha kilomita 500. Mkuku (uti wa chini wa jahazi) na mataruma (mbavu zake) ni plastiki iliyoyeyushwa, ikachongwa na kuungwa kwa ufundi uleule wa majahazi ya mti.

Ukitutembelea utaona turubai chini ya msumeno. Unga wa plastiki ukipeperuka, huishia mtoni ukiwa chembe ambazo hakuna wa kuziokota. Tunaukung'uta kila jioni kwenye gunia, na asubuhi unarudi mashineni.