Kushusha rezolusheni hakuondoi ukungu wa programu za zamani

Programu ya zamani ikionekana na ukungu kwenye laptopu ya 4K, wengi hushauri: shusha rezolusheni (idadi ya nukta zinazoonyeshwa kwenye skrini). Ushauri mbovu. Ukitoka 3840×2160 hadi 1920×1080, mara nyingi ukungu unasambaa hadi kwenye kivinjari kilichokuwa safi.

Tatizo ni ukuzaji ("scaling"), yaani Windows kuongeza ukubwa wa maandishi na vitufe ili visomeke. Programu hizo ziliandikwa zikidhani skrini ina nukta 96 kwa inchi (DPI). Ukuzaji wa Windows ukiwa asilimia 200, programu isiyoutambua huchorwa kwa udogo wake wa asili, kisha picha yake nzima huvutwa mara mbili. Herufi lazima zififie. Nyingine hudai kuutambua kumbe haziutambui. Hizo huacha vitufe vidogo kama punje za mtama.

Funga programu, bofya faili lake la .exe kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", "Compatibility", kisha "Change high DPI settings". Chini kabisa weka tiki kwenye "Override", uchague "System" yenye neno "Enhanced" (ipo tangu Windows 10 toleo la 1703). Maandishi yatanyooka, ila aikoni zitabaki na ukungu, maana ni picha. Dirisha likivurugika, rudi "System" ya kawaida. "Application" huondoa ukungu wote, lakini andaa miwani: kila kitu kitakuwa kidogo.