Je, wajua kwa nini hema hulowa kwa ndani usiku usio na mvua?

Mwezi wa saba, ufukweni Msimbati mkoani Mtwara. Vijana wawili wamelala kwenye hema jipya la watu wawili. Mvua za mwisho zilishapita tangu mwezi wa tano, anga ni safi, nyota tele, upepo umetulia. Alfajiri mmoja anajiinua kutafuta simu, kichwa kinagusa paa, na matone ya baridi yanamwagika shingoni.

"Kaka, hema lako linavuja."

Halivuji. Mvua haikunyesha, kwa hiyo cha kuvuja hakikuwepo. Maji yale yalikuwa mvuke ndani ya hewa ya humo humo hemani, sehemu kubwa ukiwa umetoka kwenye pumzi zao wenyewe, na yakageuka matone baada ya kugusa kitambaa kilichopoa kuliko hewa inayokizunguka. Ni jambo la kulijua kabla ya kutoa hela dukani, kwa sababu anayeamini kwamba hema linavuja hulipia kitu kisichomsaidia.

Tazama anachofanya. Anaporudi mjini anatafuta hema lenye namba kubwa zaidi ya milimita kwenye lebo. Akikosa hela ya hilo, anapaka dawa kwenye mishono. Akilala tena, anafunga kila tundu la hewa ili maji yasiingie, na juu ya hema anatandaza turubai la plastiki likiwa limelalia kitambaa. Kila hatua kati ya hizo mbili za mwisho inaongeza maji. Asubuhi anaamka amelowa kuliko jana, na anahitimisha kwamba ameuziwa feki.

Ile namba ya milimita ina maana yake, isipokuwa inajibu swali lingine. Kitambaa huwekwa chini ya mrija, maji yakapandishwa kidogo kidogo hadi matone yatokeze upande wa pili. Kikistahimili maji yenye kimo cha milimita 1500, huandikwa 1500. Kwa paa, kiwango hicho kinahimili mvua ya kawaida. Sakafu ndiyo inayodai zaidi, 3000 na kuendelea, maana goti la mtu mzima likikandamiza kitambaa kwenye ardhi iliyolowa huleta shinikizo kubwa kuliko tone la mvua. Namba hizo hutokana na kitambaa kipya kabisa, na kikizeeka kwa jua na kukunjwa hushuka, hivyo tofauti ya 2000 na 3000 kati ya kampuni mbili si sababu tosha ya kulichagua hema moja. Lakini hata namba ingekuwa 10,000, maji ya alfajiri yangekuwepo palepale. Kitambaa kinachozuia mvua isiingie ndicho hichohicho kinachozuia mvuke usitoke.

Hema linalovuja kweli lina dalili zake. Maji huanzia mahali pamoja, kwenye mshono, kona ya sakafu au zipu, huonekana mvua ikinyesha au punde baada yake, na sehemu nyingine za paa hubaki kavu. Umande wa ndani hutanda paa zima kwa matone madogo madogo, huanza usiku wa manane na kuzidi kadiri kunavyokaribia kupambazuka, na mara nyingi ukipitisha kiganja upande wa nje unakuta nako kumelowa. Mwenye shaka alisimamishe hema mchana kweupe, amwagie ndoo mbili za maji juu yake, kisha aingie ndani na kufuatilia mishono kwa kidole. Mishono ikiwa mikavu, hema limeachiwa huru.

Sasa tuingie kwenye kiini. Soda ikitolewa kwenye friji na kuwekwa mezani mchana wa Lindi, dakika chache tu chupa inatoka jasho mpaka meza inalowa, na hakuna anayesema chupa inavuja. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, ya baridi hubeba kidogo. Hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi 20, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Hewa iliyogusa chupa imepoa ghafla, mzigo umeizidi, ikautua palepale kwenye kioo. Lakini chupa ilipozwa na friji. Hema limepozwa na nini, kwenye pwani hii ambako hata kipupwe cha mwezi wa saba hakileti baridi ya kutetemesha?

Limepozwa na anga. Kila kitu chenye joto hulitoa kwa mionzi isiyoonekana kwa macho: ardhi, jiwe, mwili wa mtu, kitambaa cha hema. Mchana jua huleta kuliko kinachotoka. Usiku hesabu inageuka, kitambaa kinatoa joto kuelekea juu na anga safi linarudisha pungufu ya hilo. Ukuta wa udongo una akiba ya joto la mchana, unaweza kutoa usiku kucha bila kupoa sana. Kitambaa cha hema jepesi kina gramu 40 hadi 70 tu kwa mita ya mraba, hakina akiba yoyote. Kinapoa haraka, tena kinapita hapo: kinakuwa cha baridi kuliko hewa yenyewe inayokigusa, kwa nyuzi kadhaa. Hewa ya pwani imekwishashiba mvuke, haihitaji kupozwa sana ili itue mzigo. Inatua nje ya kitambaa, na inatua ndani.

Hapo ndipo jambo hili linapopendeza kulifikiria. Usiku ambao kila mtu angeuchagua kwa kulala nje, wenye nyota tele na bila upepo, ndio unaolowesha hema kuliko usiku mwingine wowote usio na mvua. Mawingu yakitanda, yanarudisha chini sehemu kubwa ya joto. Upepo ukivuma, unaleta kwenye kitambaa hewa mpya yenye joto kabla hakijapoa vya kutosha. Usiku wa mawingu na upepo mwanana, ambao mpiga kambi angeunung'unikia, unaweza kumwachia hema karibu kavu.

Ushahidi upo kila kijiji. Bodaboda iliyolala uwanjani hukutwa asubuhi kiti kimelowa chepechepe, dereva akikipangusa kwa kitambaa kabla ya abiria wa kwanza. Iliyolala chini ya mkorosho, hatua chache kutoka hapo, kiti chake ni kikavu au kina unyevu kidogo tu. Hewa ni ileile, usiku ni uleule. Majani yamesimama kati ya kiti na anga, na kwa kuwa yana joto linalokaribiana na la hewa, yanakirudishia kiti karibu joto lote kinalolitoa.

Hadi hapa hema lilikuwa tupu. Wakiingia watu wawili mambo yanakua. Hema la watu wawili lina takribani mita 2 za ujazo wa hewa, hivyo hewa hiyo peke yake, hata ingekuwa imeshiba, ikipoa kutoka nyuzi 25 hadi 20 inatua gramu 12 tu, vijiko viwili na ushee vya chai. Maji ya kumlowesha mtu shingo hayatoki hapo. Yanatoka kwa waliolala. Mtu mzima hupoteza maji kwa pumzi na ngozi hata bila kutoka jasho, na wawili kwa usiku wa saa nane hufikia karibu nusu lita. Ongeza kanga iliyolowa maji ya bahari ikaingizwa ndani ikauke, na nusu lita hiyo inapata mwenzake.

Kufungua matundu ya hewa kunasaidia, ila kuna mpaka wake. Ushauri mwingi kuhusu mahema umeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi na milima mikavu, ambako hewa ya nje ina mvuke mchache. Pwani ya Mtwara na Lindi hewa ya nje nayo imeshiba. Kuipitisha hemani kunaondoa mvuke wa pumzi, hakuondoi mvuke wa bahari. Usiku tulivu wa nyota utalowesha hema la bei yoyote, kwa hiyo mnunuzi aulize maji yakishatua yanakwenda wapi.

Mahema ya bei ya chini kabisa yanayouzwa kama ya watu wawili ni ya tabaka moja: kitambaa kimoja kilichopakwa plastiki, na juu kabisa kipande cha chandarua chenye kofia ndogo. Maji yakitua ukutani yanateremka hadi sakafuni, kwenye godoro. Hema la tabaka mbili lina chumba cha ndani ambacho sehemu kubwa ni chandarua, na kifuniko cha nje kinachojitegemea. Mvuke unapenya chandarua, unatua kwenye kifuniko, unateremka kukifuata hadi pembeni na kudondokea ardhini, nje ya sakafu. Kitambaa kimelowa vilevile, aliyelala ni mkavu. Na mikoa hii ina malaria, kwa hiyo chandarua ni cha lazima kwa sababu zake.

Hapa ndipo hela kidogo iende. Hema la tabaka mbili lenye 1500 kwenye lebo lina faida kuliko la tabaka moja lenye 4000. Lisimamishe kabla ya kulipa, usiridhike na picha. Sukuma kifuniko kwa kiganja: kati yake na chandarua kuwe na nafasi ya vidole vinne, maana vikigusana maji yanapita. Kifuniko kiishie juu kidogo ya ardhi ili hewa iingie chini, na juu kuwe na tundu lenye kijiti cha kulishikilia wazi, kwa kuwa hewa ya joto hupanda na ndiko inakotokea.

Kuhusu kitambaa, mwenye bajeti ndogo ana bahati. Mahema mengi ya bei kubwa ni ya nailoni, ambayo kwa uzito uleule ni imara zaidi kuliko poliesta. Lakini nailoni hunyonya maji, hulegea, na kifuniko kilichokazwa vizuri jioni kinaning'inia usiku wa manane hadi kugusa chandarua. Poliesta hailegei hivyo, na jua huichakaza polepole zaidi. Kwa pwani ya kusini, poliesta ya bei nafuu inafaa kuliko sifa zake zinavyosema.

Uzito usiwaumize vichwa sana. Hema la watu wawili la chini ya kilo 2 ni jepesi. Ya bei ya kawaida mara nyingi huanzia hapo hadi kilo 3, na wawili mkigawana, mmoja akabeba vitambaa na mwingine fito na vigingi, kila begi linapata kilo moja na nusu hivi au pungufu. Fito za alumini ni nyepesi na zikipinda hunyooshwa. Za faiba ni za bei ndogo, nzito, na zikivunjika hupasuka nyuzi nyuzi zinazochoma vidole na kutoboa kitambaa. Upana wa sakafu usiwe chini ya sentimita 130. Watengenezaji huhesabu magodoro mawili ya sentimita 50, na aliyebanwa ukutani ndiye anayelowa. Kwa mchanga wa Msimbati, vijiti vya waya vinavyokuja na hema havishiki. Jaza mchanga kwenye mifuko, ifunge kwenye kamba na uifukie.

Anayenunua la mtumba akunjue kifuniko na kukishika upande wa ndani. Ule mpako wa plastiki, poliyurethini, huoza polepole kwenye joto na unyevu. Ukinata vidoleni au kutoa harufu ya uchachu, umekwisha, na hakuna dawa ya kuurudisha. Kwa sababu hiyohiyo hema lililolowa alfajiri lianikwe kivulini likauke kabisa kabla ya kuhifadhiwa. Kulifungia bichi ndani ya mfuko kwa wiki kadhaa kunaliharibu kuliko mvua ya masika.

Linabaki suala la mahali, ambalo halina gharama. Chini ya mkorosho ni pazuri, kwa sababu ileile iliyokausha kiti cha bodaboda, na matawi yake hayadondoshi kitu kizito. Chini ya mnazi asilale mtu, nazi haibishi hodi. Lakini inua macho kwanza. Majani yaliyoshonwa pamoja kama mpira ni makazi ya maji moto, na sisimizi hao wakishuka kwenye kamba za hema hakuna atakayelala. Kisha muulize mwenye shamba kama anapuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Msimu wa kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, unaangukia humo humo kwenye miezi ya kiangazi, na wakulima hupuliza unga huo alfajiri upepo ukiwa umetulia, majani yakiwa bado na umande ili unga ushike. Akisema ndiyo, hamieni uwanjani na lile turubai lifungeni juu kwa kamba, mita moja kutoka kwenye hema, pande zote wazi. Likiwa limelalia kitambaa lilikuwa linazuia hewa. Likiwa limening'inia huko juu, ndilo linalopoteza joto angani kwa niaba ya hema.