Mzee kukaa peke yake Lamu, na ule mguu unaosemwa "umeteguka": maswali na majibu

Mama yetu hataki kuhama nyumba yake ya Mkomani. Aachwe akae peke yake?

Akae, mradi aweze kuamka, kwenda chooni, kuoga, kula na kuita mtu akipatwa na jambo. Kinachovuruga mpango huu mara nyingi ni kuanguka na kuvunjika nyonga, yaani mfupa wa paja pale juu unapoungana na kiuno.

Ameanguka. Mguu unauma lakini haujavimba. Tumwite mkandaji kwanza?

Hapana. Nyonga imefunikwa na nyama nene, kwa hiyo inaweza kuvunjika na nje msione uvimbe wala alama. Tazameni kama kinena kinauma, kama mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, kama anashindwa kuuinua mguu akiwa amelala chali. Dalili moja yatosha kumpeleka hospitali siku hiyohiyo.

Lakini alitembea mpaka kitandani.

Hapana vilevile. Mfupa uliovunjika huweza kubanana ukashika kwa muda. Mkandaji akiuvuta, vipande huachana, na mishipa inayolisha kichwa cha mfupa huumia.

Basi tungoje siku tatu tuone?

Hapana, kwa mara ya tatu! Operesheni ya nyonga inatakiwa ifanyike ndani ya saa 48 inapowezekana, na ikihitajika rufaa ya kwenda Mombasa saa hizo huisha upesi. Mzee asiyeinuka kitandani hupata vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni, na hivyo ndivyo vinavyoua. Bado wagonjwa wanaletwa wiki ya pili, paja limepakwa mafuta ya uto na kufungwa kitambaa, kidonda cha matakoni kimeshachimba, na jamaa wanauliza mbona hapati nafuu.

Gari haliingii vichochoroni. Tumbebe vipi?

Asipandishwe punda wala pikipiki, na asiinuliwe kwa kushikwa makwapa. Wekeni mto katikati ya miguu yake, kisha ifungeni pamoja kwa leso, juu na chini ya magoti. Msijaribu kuunyoosha mguu. Mhamishieni kwenye ubao mpana watu wanne, mkiinua kwa pamoja. Mkishuka ngazi, miguu itangulie. Mkitoka Shela au Pate kwa boti, alazwe na ubao wake chini, asikalishwe kitini. Msimlishe, maana huenda akafanyiwa operesheni. Bebeni dawa zake zote. Akiwa amegonga kichwa naye anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aende hata kama anaongea vizuri.

Nyumba itengenezwe nini kabla ya hayo?

Kitanda kishuke chini, kwa sababu ngazi za nyumba za mawe zimesimama wima na vidato havilingani. Ikishindikana, wekeni mshikio wa mbao pande zote mbili, kimo cha sentimita 90 hivi, nao upite kidato cha mwisho, maana wengi huanguka wakidhani wameshafika chini. Pakeni rangi nyeupe kwenye ukingo wa kila kidato.

Chooni na bafuni fungeni vyuma vya kushika. Fundi asiishie kwenye plasta ya chokaa. Parafujo zifike ndani ya jiwe, la sivyo chuma kitang'oka siku anapokihitaji. Sakafuni wekeni mkeka wa mpira, na aoge amekaa kwenye stuli yenye miguu ya mpira.

Mikeka inayojikunja ncha iondolewe. Buibui linaloburuta lipandishwe pindo. Kandambili zitupwe, apewe viatu vyenye mkanda wa nyuma. Kitanda kiwe cha kimo ambacho akikaa nyayo zinakanyaga chini zote. Vile vitanda vya kale virefu ni urithi, sawa, lakini alalie kingine.

Mbona huanguka akiamka alfajiri?

Presha hushuka mtu anaposimama ghafla, hasa akiwa anatumia dawa za presha. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, awashe tochi, ndipo asimame. Kizunguzungu kikiendelea, daktari arekebishe dawa. Msizikatize wenyewe. Mtoto wa jicho naye apasuliwe. Kuinuka kitini mara 10, kiti kimeegemezwa ukutani, mara mbili kwa siku, huimarisha mapaja.

Akianguka usiku, tutajuaje?

Simu aivae shingoni, hata akienda chooni. Asifunge komeo la ndani: atakuwa sakafuni anaita, na nyinyi mko nje mnatafuta shoka. Tieni kufuli ya funguo, mmoja ukae kwa jirani ambaye atampigia hodi kila asubuhi. Mwandikisheni SHA, yaani bima ya afya ya serikali, leo kupitia *147#, na mchango ulipwe. Kitambulisho, dawa na kadi za kliniki zikae kwenye mfuko mmoja karibu na mlango.