Kuchomelea? Hapana, ni kumomonyoa

Jumamosi nilikuwa gereji moja ya Unga Limited, Arusha, bloku ya injini iko juu ya meza, biti ya drili imekatikia ndani ya tundu la bolti. Imezama, koleo haliishiki. Kijana mmoja akasema kwa uhakika kabisa: "Hiyo, mzee, inatolewa na ile mashine ya kuchomelea ya kompyuta." Wenzake wakaitikia. Mwingine akaongeza kwamba inakata "kwa ak, kama welding". Nilinyamaza kwa sababu chai ilikuwa imefika. Lakini neno hilo nimeshalisikia mara nyingi mno.

Mashine hiyo haichomelei kitu; inamomonyoa chuma kwa cheche za umeme, na kwa Kiingereza inaitwa EDM. Elektrodi, yaani kipande cha kupeleka umeme, cha shaba au grafaiti, inasogezwa karibu na chuma bila kukigusa, nafasi ikiwa sehemu ndogo tu ya milimita, na vyote vimezama kwenye mafuta yasiyopitisha umeme. Volteji ikizidi uwezo wa mafuta wa kuizuia, cheche inaruka, inayeyusha chembe ya chuma, mafuta yanaiosha. Inarudia hivyo maelfu ya mara kwa sekunde, hadi shimo lichukue umbo la elektrodi. Chuma kiwe kigumu namna gani, haidhuru, mradi kinapitisha umeme. Dhana yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa neno. Choma, chomea, chomelea: kila hatua inasogeza moto karibu zaidi na kitu cha pili, na ukifika "chomelea" vyuma viwili vimeshashikana. Elektrodi ya fundi mageti inayeyuka makusudi ili ibaki kwenye kiungo. Hii yetu, ikilika sana, kazi imeharibika. Utaiitaje kuchomelea mashine ambayo haiungi chochote?

Na hiyo "ak" ni "arc" ya Kiingereza, yaani tao. Mwanzoni mwa karne ya 19, Humphry Davy wa Uingereza aliwasha umeme wa betri kati ya vipande viwili vya mkaa vilivyolala. Hewa ya moto ikapanda, mwali nao ukapinda kwenda juu kama tao la mlango wa msikiti, na jina likatoka hapo. Tao ni mwali unaokaa. Cheche inazaliwa na kufa. Kwenye mashine hii maisha yake huhesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Cheche ikikataa kuzimika inageuka tao, linang'ang'ania mahali pamoja, linachimba kidonda kwenye kazi na kuunguza elektrodi. Kwa mwendeshaji hiyo ni hitilafu. Kuiita mashine ya tao ni kumwita mtu kwa jina la ugonjwa wake.

Waliobuni njia hii walijua walichokiona. Mwaka 1943, huko Umoja wa Kisovieti, Boris na Natalya Lazarenko walikuwa wakitafuta namna ya kuzuia cheche zisile pointi za tangsteni, yaani ncha zinazogusana kuwasha na kukata umeme, jamaa wa zile za kwenye distributa ya gari ambazo mafundi wa zamani walizipiga msasa kila mara. Kuzuia hawakuweza. Waligundua tu kwamba ndani ya mafuta ulaji huo unakuwa na nidhamu, wakaugeuza kuwa kazi. Wajerumani wanaita Funkenerosion: Funken ni cheche, na erosion inatoka kwenye neno la Kilatini la kuguguna, kama panya anavyofanya. Sisi tuna neno zuri zaidi. Aliyeona ukingo wa shamba ukiondoka na maji ya masika, punje kwa punje, bila panga wala jembe, anajua kumomonyoka.

(Cheche za grenda ni jambo jingine tena, zile ni chembe za chuma zinazoungua hewani. Hilo nasamehe, neno ni moja.)

Kwa hiyo, mdogo wangu, kuhusu umeme ulipatia. Hiyo biti itamomonyolewa kwa cheche: utachagua elektrodi nyembamba kuliko biti, imomonyoe katikati yake, vipande vya pembeni uvichokoe, na nyuzi za tundu zibaki salama. Ila unapoulizia karakana yenye mashine hiyo, usitaje kuchomelea. Watakuelekeza kwa mtengeneza mageti, na yeye, kwa moyo mweupe kabisa, ataichomelea hapohapo.