Shilingi imepanda, mbona bei ya sangara imeshuka?

Hili swali naulizwa sana na watu wa mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza. Redio inatangaza shilingi imeimarika, watu wanapongezana, afu kesho yake kiwanda cha samaki kinashusha bei ya sangara. Sasa kuimarika gani huko? Mi kazi yangu ni uchumi, nafundisha na nafuatilia mambo ya fedha kila siku, na kwangu hili ni swali la msingi kabisa.

Tupige hesabu. Chukua mfano tu, kiwanda kinauza fileti Ulaya kwa dola 5 kilo. Dola moja ikiwa shilingi 2,650 kinapata 13,250, shilingi ikiimarika dola ikawa 2,450 kinapata 12,250, fileti ileile na mteja yuleyule. Buku zima limeondoka kwenye kila kilo. Umeme haushuki, mishahara haishuki, kwahiyo kiwanda kinakata kwa wakala, wakala anakata kwa tajiri mwenye mtumbwi, tajiri anakata kwa vijana wanaolala ziwani. Na dola imecheza hivyo kweli, mwishoni mwa 2024 ilikuwa juu ya 2,600 na ndani ya wiki chache ikawa karibu na 2,400, mwanzoni mwa 2025 ikapanda tena, nusu ya pili ya mwaka ikashuka. Kuna msimu hapo, kuanzia katikati ya mwaka watalii wanajaa, tumbaku, pamba na korosho zinauzwa, dola zinaingia kwa wingi, zikipungua shilingi inalegea.

Utaniambia sawa, lakini si petroli ya injini nayo inashuka? Inashuka, ila kidogo na kwa kuchelewa. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, inatangaza bei kikomo, yaani bei ya juu inayoruhusiwa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta yanayopigiwa hesabu yalishanunuliwa zamani. Halafu tozo ya mafuta na ushuru wa bidhaa vimepangwa kwa shilingi kwa kila lita, dola ishuke isishuke vipo palepale. Yaani mvuvi anabeba hasara yote upande wa samaki na nafuu kiduchu upande wa petroli, na hili linaniuma kwa sababu sioni likitajwa kwenye mijadala ya bajeti.

Ila jamani tusitamani shilingi dhaifu. Nyavu, injini, vipuri, dawa za hospitali, vyote vinakuja kwa dola, na mama wa Buhongwa au Igoma hapa mjini ambaye hauzi kitu nje ya nchi anaumia kila dola ikipanda. Mnakumbuka 2023, mfanyabiashara ana shilingi zake mkononi, anaenda benki anaambiwa dola hamna asubiri. Hatutaki kurudi kule.

Ndo maana hii habari ya dhahabu inatuhusu sana sisi wa Kanda ya Ziwa. Tangu Oktoba 1, 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe hapa nchini na iuzwe Benki Kuu, na kiwanda kimojawapo cha kusafisha kipo hapahapa Mwanza. Anayeuza huko analipa mrabaha, yaani malipo ya serikali kwenye madini, wa asilimia 4 badala ya 6. Kitu cha kuelewa ni kwamba Benki Kuu inalipa kwa shilingi. Kujaza akiba ya nchi kwa dola lazima kwanza uzipate hizo dola, na ukizinunua sokoni unamnyima anayeagiza mafuta. Kwa dhahabu inatoa shilingi, ambazo inazo, inapata mali ambayo dunia nzima inaipokea. Akiba ikiwa nene, dola zikiadimika kuna cha kuuza, na mtu mwenye hofu haanzi kuficha dola zake chini ya godoro.

Gharama ipo. Shilingi zilizolipwa Geita, Kahama na hapa mjini zinaingia mtaani, zikizidi bei za vitu zinapanda, kwahiyo Benki Kuu inabidi izivute tena kwa kuuza dhamana, yaani hati za kukopa, na kwa kucheza na riba yake, ile iliyoanza Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikapandishwa 6 mwezi wa nne, ikashushwa 5.75 Julai 2025. Mpaka hapo mfumuko wa bei umekaa karibu na asilimia 3, kwahiyo naona kazi hiyo imefanyika vizuri.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Kazi ya kujaza akiba hiyo itumike pia kupunguza kasi shilingi inapopanda, yaani msimu wa dola nyingi Benki Kuu inunue dola zaidi. Kushuka kwa dola polepole kwa miezi kiwanda na mvuvi wanajipanga, ila kushuka ndani ya wiki tatu kunamkuta mtu ameshakopa hela ya nyavu kwa bei ya samaki ya zamani.

Na nyie mawakala, Benki Kuu inaweka bei ya dola kwenye tovuti yake kila siku ya kazi, iangalieni kabla ya kukubali bei ya kiwanda. Dola ikishuka asilimia 2, samaki anaweza kushuka 3 kwa sababu ya zile gharama zisizoshuka. Wakikwambia 10 kisa dola, waulize hizo 7 zimetoka wapi.