Misaada ya elimu Nyanda za Juu Kusini: dhana potofu na ukweli

Kila Januari shule zinapofunguliwa, taasisi na wafadhili hufika Mbeya, Iringa na Njombe wakiwa na madaftari, madawati na mabati. Tunashukuru, na wengi wao huja kwa moyo safi. Lakini msaada mwingi humpita mwalimu mlangoni, wakati yeye ndiye atakayekaa na watoto hao hadi Desemba. Naona chanzo chake ni dhana kadhaa tulizozizoea.

Dhana: Elimu ni bila ada, kwa hiyo wafadhili hawana kazi tena.

Ukweli: Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2002, ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare, madaftari na chakula bado ni juu ya mzazi. Na mfadhili si lazima awe mgeni: Mfuko wa Elimu ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2001, chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, unapokea mchango wa yeyote, ikiwa ni pamoja na wafanyabiashara wetu wa Mwanjelwa na Mafinga.

Dhana: Huku kuna chakula tele, mtoto hawezi kuwa na njaa darasani.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Tuna mahindi, viazi, ndizi za Rungwe, mchele wa Mbarali. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchini kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni: asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Njombe ilikuwa na asilimia 50.4. Mtoto anashiba ugali, lakini maharage, mayai na matunda havifiki kwenye sahani yake, na mama anashinda shambani. Akifika darasa la kwanza anaweza kuchelewa kushika herufi, na mwalimu ambaye hajaelezwa chanzo atamwita mzito. Taasisi inayochangia chakula cha mchana chenye maharage na mboga inakuwa imemsaidia mwalimu kufundisha.

Dhana: Darasa la kijijini lina watoto wa aina moja.

Ukweli: Ingia darasa la kwanza huko Usangu, wilayani Mbarali. Kuna mtoto wa Kisangu, wa Kibena, wa Kinyakyusa, na wa wafugaji wa Kisukuma na Kimasai. Mwalimu mwenyewe amepangiwa kituo akitokea Kagera. Akisema, "Pigeni mstari chini ya neno," utamwona mtoto mmoja akimtazama kwanza jirani yake, aone anafanya nini, ndipo ashike penseli. Hajashindwa somo, Kiswahili ndicho kwanza anakisikia kwa wingi namna hii. Huyo anahitaji darasa la awali lenye vitabu vya hadithi vya picha, na msaidizi kutoka jamii yake anayeweza kumwelewesha. Tuzo ambazo wafadhili huwapa wanafunzi watatu bora hazimfikii.

Dhana: Mwanafunzi mwenye ualbino anahitaji kofia na mafuta ya jua tu.

Ukweli: Kofia na mafuta ni lazima, maana saratani ya ngozi inaua. Lakini darasani shida yake kubwa ni macho. Ualbino huathiri ukuaji wa jicho, hivyo uoni wake ni hafifu, macho huchezacheza na mwanga mkali humuumiza. Miwani husaidia kiasi tu. Mwalimu anayejua hili humkalisha mbele, mahali ambapo mwanga wa dirisha haumpigi usoni. Humruhusu ainuke asogelee ubao bila kuomba ruhusa kila mara, na husoma kwa sauti kila anachoandika. Mtihani humtolea kwa maandishi makubwa. Hapo ndipo taasisi iingie: lenzi za kukuzia maandishi, wino wa printa, na mtaalamu wa macho wa kuja kuwapima watoto. Chuo cha ualimu cha elimu maalumu cha Patandi kiko Arusha. Mwalimu wa Makete hawezi kukifikia kirahisi, kwa hiyo mafunzo yamfuate alipo.

Dhana: Semina ya siku mbili hotelini inamjenga mwalimu.

Ukweli: Akirudi anakutana na darasa lilelile, mara nyingi kubwa kuliko wanafunzi 45 wanaotakiwa kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Serikali ina utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni kwao au kwenye kituo cha walimu cha kata. Mmoja huleta somo lililomshinda, wenzake huliandaa naye upya, kisha hulifundisha huku wakimwangalia. Hili linasaidia kweli. Kinachokwamisha ni vitu vidogo: nauli, bando, karatasi, na mtu wa kufuatilia. Ningekuwa na fungu la taasisi, ningelipia hayo kwa miaka mitatu mfululizo kabla sijachapisha bango lolote la uzinduzi.

Dhana: Binti akijifungua, masomo yameisha.

Ukweli: Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu kurudi. CAMFED, shirika linalosaidia elimu ya wasichana lililoanza kazi Tanzania mwaka 2005, limeonyesha njia moja: mabinti waliokwisha kumaliza hurudi shuleni kwa kujitolea kuwaongoza wadogo zao, na mwalimu mlezi hupewa mafunzo ya kuwasikiliza. Lakini ruhusa pekee haimfikishi binti darasani. Taasisi inayomnunulia sare na madaftari iulize pia nani atabaki na mtoto kuanzia saa moja asubuhi, na kama bibi yake hayupo, itenge fungu la mlezi.