Dizeli Kongwe Inapochemsha: Yanayosemwa Gereji na Yaliyomo Ndani ya Injini

Gari la dizeli la miaka ya 1990 likianza kuchemsha, mwenye gari hupewa hukumu kabla ya vipimo. Mmoja atasema ni gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na hedi, yaani sehemu ya juu yenye vali), wa pili atashauri themostati (vali ya maji inayofunguka kwa joto) ing'olewe, na wa tatu atamfariji kwamba dizeli zote ndivyo zilivyo. Kila kauli ina chembe ya ukweli, na ndiyo sababu zinadumu, lakini zote zinaruka swali ambalo fundi makini hulitanguliza: linachemsha wakati gani?

Tuanze na hiyo faraja. Hudhaniwa kwamba, kwa kuwa injini ya dizeli hushindilia hewa mno (ile ya 3L ya Toyota Hilux hushindilia zaidi ya mara 22, ilhali za petroli za rika lake zilikuwa karibu na 9), lazima iwe na joto kuliko ya petroli. Ukweli ni kwamba dizeli hugeuza sehemu kubwa zaidi ya nishati ya mafuta kuwa nguvu, na inaponguruma bila mzigo huvuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo sana, kiasi kwamba hukawia kupata moto. Aliyewahi kuwasha dizeli asubuhi ya Juni kule Makambako anajua jinsi mshale wa joto unavyochelewa kunyanyuka. Kwa hiyo dizeli inayochemsha ikiwa imesimama kwenye foleni haina tabia ya kizazi. Ina hitilafu, na mara nyingi hitilafu hiyo ni ya upepo. Zima injini ikiwa ya moto, kisha uzungushe feni kwa mkono: klachi yake ikiwa nzima utahisi ukinzani, na ikizunguka mizunguko kadhaa bila kukaza, mafuta yaliyomo ndani yake yamekwisha. Kagua pia nafasi kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, mahali ambapo mbegu za nyasi, wadudu na matope hujazana pasipo kuonekana kutoka mbele.

Gari linalotulia mjini lakini likachemsha mlimani lina habari nyingine. Likiwa mwendoni, upepo upo wa kutosha. Kinachopungua ni mzunguko wa maji, au joto limezidi uwezo wa rejeta.

Hapo ndipo ushauri wa kung'oa themostati unapoingia, kwa hoja kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Hoja hii imeharibu injini nyingi. Katika injini nyingi za Toyota themostati hufanya kazi mbili kwa pamoja: hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na kwa kisahani kilicho chini yake huziba njia ya mkato ambayo maji hupitia injini ikiwa baridi. Ukiing'oa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Matokeo yake ni kwamba gari hukaa baridi kwenye tambarare, huchoma mafuta vibaya, na bado huchemsha linapobeba mzigo mlimani. Kuipima hakuhitaji karakana. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, ubandike jikoni, na uangalie: inapaswa kuanza kufunguka karibu na nambari iliyogongwa juu yake, ambayo mara nyingi ni nyuzi 82. Isipofunguka, nunua nyingine.

Hilux niliyokuwa nikiendesha ilinifundisha hayo kwa gharama. Ilikuwa ikichemsha kila ilipopanda mlima wa Kitonga, na gereji moja ikaitoa themostati, kisha ikabadilisha gasketi ya hedi, na safari iliyofuata tukasimama palepale. Fundi rejeta ndiye aliyemaliza shauri: aliyeyusha risasi ya kuunganishia, akafungua tangi la juu la rejeta, akanionyesha vijia vya maji ambavyo karibu nusu yake vilikuwa vimezibwa na chokaa ngumu ya rangi ya kutu.

Chokaa hiyo ilitokana na dhana kwamba maji ya bomba au ya kisima yanatosha kwa sababu kwetu hakuna barafu. Wanaosema hivyo wana haki kwa jambo moja: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko maji yaliyochanganywa na kulanti (dawa ya maji ya rejeta). Lakini kulanti huzuia kutu, na huongeza kiwango cha kuchemka. Kiwango hicho si jambo dogo mahali kama Mbeya, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Mfuniko mzima wa rejeta wenye alama ya 0.9 (kipimo cha presha unayoizuia ndani) hukipandisha hadi zaidi ya nyuzi 110, na mpira wake ukichakaa, gari huchemsha ingawa kila kitu kingine ni kizima. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho cha mwisho kukumbukwa.

Kuhusu mshale wa joto, watu huuamini kupita kiasi. Magari mengi ya wakati ule yana geji iliyotengenezwa ili mshale utulie katikati kwa nyuzi nyingi, hivyo unaponyanyuka muda umekwisha kupotea. Na maji yakivuja yote, kihisi hubaki kwenye mvuke na mshale huweza hata kushuka.

Tena, si kila joto linatokana na maji. Pampu ya dizeli iliyorekebishwa itoe mafuta mengi ili kuongeza nguvu, au iliyofungwa vibaya ikawa inachelewesha mafuta, huongeza joto ambalo hata rejeta nzima hailiwezi. Moshi mweusi mlimani ni dalili yake.

Gasketi iwe ya mwisho kutuhumiwa, na kwa ushahidi. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, ujaze maji, uwashe: mapovu yasiyokoma, au, mfuniko ukishafungwa, mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu ndani ya dakika chache kabla maji hayajapata moto, huonyesha kwamba gesi ya silinda inapenya. Hata hapo kosa laweza kuwa la hedi yenyewe, kwa kuwa hedi za dizeli hizi hupasuka, hasa kati ya vali. Kwa hiyo ikishafunguliwa ipimwe kwa presha kabla ya kuchongwa (kusawazishwa uso wake), maana hedi iliyopasuka hupendeza sana ikichongwa.